Jeton za kitambaa za Maman Rosalie

Siku Yesu atarudi, kama itaanguka dimanche kisha misa ya pili, atatukuta Nguba, hapa Bukavu, kwa Maman Rosalie, tumezunguka meza ya kukatia nguo, karata mukononi, vidole vinanuka sambaza, vile visamaki vya ziwa. Na sizani atatufukuza. Ataangalia ile bocal, chupa ya mudomo mupana, yenye feza katikati ya meza, ataangalia mama mwenye nyumba, kisha ataomba kiti. Lakini jeton za kuchezea atanunua kama sisi wote: noti zake zitainuliwa kwanza kwenye dirisha.

Maman Rosalie iko mushonaji. Ni mama mufupi, wa sauti ya chini, miwani yake imeshikwa sikioni kwa uzi mweusi. Bwana yake, Papa Cyprien, alikuwa anaendesha kamio ya mizigo ya kwenda Kamanyola, na ndiye alileta poker katika ile nyumba, pamoja na kicheko kikubwa na marafiki wasiojua kuaga. Alipokufa, sisi wachezaji tukaona haya kurudi. Mutu anaweza aje kugonga kwa mujane na kuuliza, "Maman, pole sana, tunaweza kucheza?" Miezi mingi tulipita ile barabara tukiangalia viatu vyetu. Mwishowe ni yeye alitusimamisha mbele ya kanisa, mimi na Ulrich. Huyu Ulrich anauzisha pièces za moto, zile pikipiki, na anaongea kama moto isiyo na silencieux ya kupunguza kelele.

"Ninyi batoto, mulikuwa munamupenda Cyprien, ao mulikuwa munapenda meza yake?"

"Vyote mbili, maman," nikajibu.

"Basi mukuye dimanche. Nyumba inanyamaza sana. Lakini bocal nitashika mie."

"Na weye utacheza?" Ulrich akamuuliza.

"Nikishika karata, nani ataniamini na bocal?"

Hapo ndipo tulianza kuona mambo ambayo sijaona mahali pengine, na nimeona mahali pengi ambapo mama yangu hapaswi kujua. Kwa watu wengine wanaopokea poker nyumbani, mwenye nyumba anakata feza kidogo kwa kila tour ya karata, anasema ni ya umeme. Umeme wenyewe hakuna. Mwisho wa muchezo wachezaji wote wamepoteza na meza ndiyo imeshinda. Maman Rosalie hakati kitu. "Mie nakulaka kwa sahani," anasema, na ni kweli: anauzisha sambaza za kukaanga na bia ya baridi, na bei yake ni ile ile, ushinde ao ulie.

Kwanza tulicheza na vifungo vya shati. Dimanche moja Ulrich akaonekana na vifungo vingi kuliko alivyonunua. Vya aina ile ile vinauzwa kwa rundo soko ya Kadutu. Alisema ni mzaha. Sisi wote tulicheka, ila tulicheka huku kila mutu amefunika vyake kwa mukono. Maman Rosalie hakumugombeza. Alitoa vile vya ziada mbele ya wote, akavitia katika mukono wa Ulrich, akasema, "Hivi peleka kwa shati yako." Wiki iliyofuata tukakuta jeton za kitambaa.

Ningependa uzione. Ni mviringo, ukubwa wa mudomo wa kikombe cha chai, kitenge pande mbili, ndani kile kitambaa kigumu cha kola. Ukingoni ameshona kwa mukono uzi wa rangi tatu, unapandana na kushuka kama nywele zilizosukwa na shangazi mukali. Nyekundu ni dollar moja, bleu ni dollar tano. Nilijaribu kufuata ule uzi kwa macho ili nijue unaanzia wapi. Nikaumwa na kichwa, nikaagiza bia. Kuiga? Ungehitaji kwanza vidole vyake, kisha uvumilivu wake, na kama uko na hivyo vyote, juu ya nini uibe? Tulilalamikia kitu kimoja tu: hazilie zikianguka mezani. Ulrich alikuwa anaweka zake na kufanya "tak, tak" kwa ulimi.

Na namna ya kuziuza! Unamupa noti yako. Anaiinua kwenye dirisha, anaipitisha kati ya vidole kama anatafuta kosa ya kitambaa. Dollar iliyokatika hata mahali padogo kama ukucha wa mutoto anakurudishia bila maneno, kwani wote tunajua: katika hii muji noti iliyokatika ni picha ya muzungu, basi. Franga pia anapokea, kwa taux ya siku aliyouliza kwa cambiste, mwenye kugeuza feza pale Nyawera, na taux ikisha kutajwa hakuna anayeigusa mpaka tumalize. Jeton tunahesabu wote kwa sauti, kama batoto ya shule ya primaire. Feza inaingia ndani ya bocal, bocal inakaa katikati ya meza, unaiona hata ukiinama kufunga kiatu. Mwisho wa muchezo, kila mutu anahesabu jeton za jirani yake, si zake mwenyewe. Jaribu siku moja, uone ginsi jirani anahesabuka vizuri.

Kuna na feza asiyoipokea. Siku moja Ulrich alikuwa amepoteza zote, shingo imetoka mishipa, akachomoa enveloppe mufukoni. Maman Rosalie akaona mwandiko juu yake, akafunika bocal kwa kifuniko.

"Hiyo iko na jina ya mutu mwingine."

"Ni ya bailleur, mwenye nyumba ninayopanga, maman. Nitairudisha leo leo, nasikia karata zinanipenda sasa."

"Zikikupenda, zitakungojea dimanche ingine. Kula sambaza. Hii sahani sitakulipisha."

Ulrich, mutu anayeweza kubishana na radio, alikula sambaza.

Basi. Tangu benki zifunge milango (sitaki kuongea mengi, kila mutu anajua hali), feza ikawa ngumu kuonekana. Franga zilizobaki mujini zilizeeka mpaka ukizishika unataka kuzisalimia shikamoo. Noti ya dollar moja, watu wanaikataa hata ikiwa mupya. Monnaie ya kurudishia mutu, hakuna. Ni katika ile miezi jeton zilianza kupotea. Dimanche moja tumemaliza, tumehesabiana, wote tumelipwa, na ndani ya bocal, chini kabisa, mukabaki feza.

Mwenye nyumba mwingine angeimba. Maman Rosalie aliangalia ile bocal kama mutu aliyekuta nyoka ndani ya kikapu.

"Hii ni ya nani?"

Chancelle, mwenzetu wa karata, anayevukisha viatu kutoka Kamembe, ngambo ya Rwanda, na anayechezaka kama anabishana bei, alikuwa ghafla anatafuta kitu ndani ya sakoshi yake. Papa Polycarpe, mwalimu wa zamani, anayecheza pole pole kama anasahihisha devoirs za wanafunzi, alikuwa anasoma dari.

"Maman, ni Mungu amekupa," Ulrich akasema.

"Mungu hachezake poker. Kuna mutu ameenda na jeton. Atarudi nazo."

Hakurudi mutu. Dimanche iliyofuata feza ikabaki tena, na ingine tena. Jeton zikapungua mpaka ikabidi ashone zingine ili tuweze kucheza. Na ile feza iliyokuwa inabaki, hatukujua anaipeleka wapi. Ulrich alisema hakika alinunua kitenge. Mimi nikasema kama amenunua, basi angalau amevaa vizuri. Tulikuwa tunaongea tu, kama watu wenye kushiba.

Nilielewa siku nilienda kununua sukari kwa Lucie, yule mwenye butiki ndogo kwa kona. Mbele yangu mama moja, ambaye sijawahi kumuona na karata, akaweka juu ya comptoir, meza ya kuuzia, jeton nyekundu. Lucie akaichukua, akamupa sabuni, akamurudishia franga zake. Hivyo hivyo. Kama ni kitu cha kila siku.

"Lucie, uko mugonjwa? Hiyo ni jeton ya poker!"

"Ya poker ni kwenu. Kwangu ni dollar."

"Nani alikuambia?"

"Chancelle alikosa monnaie, akaniachia moja. Nikamupa mutu wa makala ya kupikia, hakukataa. Mutu wa makala akamupa mutu wa maziwa. Juu ya nini wakatae? Haipasukake. Ukiifua inatakata. Na mwenye kuishona, nyumba yake naijua. Gentil, ule muzee mwenye kuwa kwa picha ya dollar, weye unajua nyumba yake?"

Nilisimama pale na sukari yangu. Nilisoma gestion, usimamizi wa biashara, miaka miwili kabla sijaachana na université (yenyewe inasema ndiyo iliniacha), na kila mwalimu alituambia feza inahitaji gouverneur wa benki, signature yake, gari nyeusi na walinzi. Na hapa, kwenye comptoir ya Lucie, kati ya sabuni na mishumaa, kulikuwa feza iliyotengenezwa na mujane kwa uzi na sindano, na hata mwenyewe hakuwa anajua.

Nikakimbia kumwambia Maman Rosalie. Alikuwa anapiga pasi. Akaweka pasi chini, akaondoa miwani.

"Imefika wapi?"

"Mpaka kwa mutu wa maziwa, maman. Na ng'ombe zake ziko kijijini Miti, sasa sijui kama ng'ombe nazo zimelipwa."

Hakucheka. Alikaa juu ya kiti cha mashini, mikono ndani ya tablier, ile aproni yake.

"Mie sikuahidi batu hawa kitu," akasema. Kisha akarudisha miwani machoni: "Lakini wameshika kitu yangu."

Dimanche akaweka jambo mezani kabla ya karata. Chancelle akakubali kwamba ni yeye alianza, ukosefu wa monnaie ulimukosesha wateja. Papa Polycarpe naye akakohoa.

"Maman Rosalie, mie nazibakishaka nyumbani. Nikishinda, sizigeuze. Kwangu panya zinakula noti. Zako zilijaribu, zikashindwa."

"Papa Polycarpe! Ungeniambia!"

"Ungeninyima."

Ndipo Ulrich akavuta kiti karibu. Na hapa lazima nikuambie kitu ambacho wote mezani walijua. Masœur, watawa wa shule moja, walikuwa wamemwahidi Maman Rosalie commande, kazi ya kushona uniformes kwa rentrée, shule ikifunguliwa, commande ya kumulisha mwaka muzima. Lakini walitaka kingo za ndani zishonwe na surfileuse, mashini ya kufunga kingo, ili nguo isichambuke batoto wakianza kupigana. Yeye alikuwa na mashini ya kukanyaga tu. Surfileuse ya occasion, iliyokwisha kutumika, ilikuwa inauzwa kwa dollar mia mbili, na muuzaji alikuwa anamungojea mpaka mwisho wa mwezi. Alikuwa ametafuta ile feza kila mahali, kwa kaka zake, kwa kirimba, kile kikundi cha kukopeshana cha parokia. Haikupatikana hata nusu.

"Maman," Ulrich akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue alisema pole pole, "uko na kitenge. Uko na uzi. Shona bleu quarante, makumi ine. Kesho surfileuse iko hapa ndani. Batu banazipokea, si umesikia? Haiko wizi. Hakuna mwenye utamunyanganya kitu."

Juu ya meza kulikuwa kipande cha kitenge cha bleu kilichobaki kwa kazi ya wiki. Maman Rosalie alikivuta mbele yake. Akakilainisha kwa kiganja. Naapa, nimeona tapis kubwa, feza imelundikana mezani, nimeona watu wanasukuma feza ya loyer ya nyumba, ya minerval ya batoto shuleni, ya mahari. Sijaona mutu mwenye karata kama ile mukononi. Alasiri moja ya kushona, na mwaka wake muzima unabadilika. Mashini ya kutengeneza feza ilikuwa pale dirishani, imefunikwa na kitambaa cha crochet.

"Na mutu wa maziwa akikuya na yake," akauliza, "nitamulipa na nini?"

"Unamupa ingine."

"Na mwenye kuichukua akikuya?"

"Unashona ingine, maman!"

"Ulrich mwanangu. Sasa mie nitakufa lini?"

Chancelle akacheka mpaka machozi. Ulrich hakucheka. Maman Rosalie alikunja kile kitambaa mara ine, akakirudisha ndani ya kikapu ya mabaki.

"Samedi asubuhi," akasema, "kila mutu mwenye jeton akuye achukue feza yake. Nazikomesha. Gentil, umwambie Lucie atangaze."

Nilimwambia Lucie vile vile. Lucie aliwaambia watu karibu vile vile. Watu waliambiana wanavyotaka. Vendredi, siku moja kabla, jambo lilikuwa: Maman Rosalie anafunga. Jioni yake lilikuwa: Maman Rosalie anafunga kama benki, anakimbilia Kamanyola na bocal. Samedi, jua halijapasha hata mabati, uwanja wake ulikuwa umejaa. Kulikuwa mutu wa makala na sura ya vita. Kulikuwa wamama wa soko, wanafunzi, abbé moja, padri kijana aliyesema amepita tu, lakini mufukoni mwake jeton ilikuwa inaonekana. Mama moja alikuwa anapiga mulango kwa kiatu.

"Toka! Na weye unafunga kama bale ba benki! Feza yetu!"

Mimi na Ulrich tulisukumana mpaka ndani. Tulimukuta amevaa kitenge cha misa. Bocal ilikuwa mezani, tupu kabisa. Ulrich akaiona, akageuka rangi.

"Maman, tupitishe nyuma. Moto yangu iko kwa kona."

"Unisaidie kutoa meza inje."

"Inje? Na bocal tupu? Watatukula!"

"Toa meza, Ulrich."

Tukatoa meza. Watu wakaona bocal tupu, na kelele iliyopanda pale, sizani kama Rwanda ngambo haikuisikia. Maman Rosalie akarudi ndani, akatoka amebeba koti nzito ya marehemu, ile Papa Cyprien alikuwa anavaa kwa usukani wakati wa baridi. Akailaza juu ya meza, mugongo chini. Akachukua makasi madogo, akaanza kufumua bitana.

Kelele ikashuka pole pole, toka mbele kwenda nyuma, kama mutu anapunguza radio. Akafungua ile koti mbele ya jua, na sisi wote tukaona. Ndani, toka mabegani mpaka chini, alikuwa ameshona vimufuko vidogo, mustari kwa mustari, kila kimoja kimefungwa kwa ule uzi wake wa rangi tatu. Kila dimanche iliyobakisha feza ilikuwa na kimufuko chake. Alikata cha kwanza, akatoa noti. Cha pili, noti. Zote dollar, zote safi, hakuna iliyokatika. Hata franga zilizobaki siku zile alikuwa amezipeleka kwa cambiste mara moja zigeuzwe, ili zisianguke bei mikononi mwake, na ilipopungua kidogo aliongeza kwa feza ya sambaza. Hii ya mwisho yeye hakusema. Ni Chancelle alituambia, kwani alimukuta pale Nyawera.

Mama wa kiatu alivaa kiatu chake.

"Nani wa kwanza?" Maman Rosalie akauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza nani anataka pilipili.

Mutu wa makala akasogea, akaweka jeton zake, akalipwa. Mutu wa maziwa, akalipwa. Kwa wenye nyekundu moja moja kulikuwa franga, alizitafuta wiki nzima kwa wauzaji wa ndizi. Kila jeton alipitisha kidole ukingoni, akaitia ndani ya bocal. Hapo nikaona ajabu ingine, na hii sijaipatia jina mpaka leo. Mustari ulianza kupungua kutoka nyuma. Watu waliona feza iko, wakaona koti bado nene, na wakaanza kuondoka. Na jeton zao mufukoni!

"Papa, unaenda wapi?" Maman Rosalie akaita. "Njo uchukue feza yako!"

"Aaa, maman, nimeisha iona. Ikae tu."

"Ninyi! Murudi!"

Fikiria mwenyewe. Mama mufupi, na miwani ya uzi, anakimbia barabara ya Nguba na dollar mukononi akifuatilia wenye ile feza, na wao wanaongeza mwendo. Abbé kijana alikimbia kuwapita wote. Ulrich akawafunga njia na moto, mimi nikawarudisha moja moja nikiwaahidi sambaza. Ulrich alikuwa analia. Alisema ni moshi.

Wa mwisho alikuwa Papa Polycarpe na mufuko wa plastiki umejaa.

"Zangu uniachie, Rosalie. Nitaziweka wapi hizi makaratasi?"

"Kwa Chancelle kuna boîte ya viatu ya chuma, panya haiingie. Chukua, Papa."

"Ukinilipa, tumemaliza?"

"Tumemaliza mambo ya jeton. Dimanche utakuya."

Alichukua noti zake kama mutu anayepokea cheti cha kifo. Maman Rosalie akamwaga bocal juu ya meza, akaanza kukata jeton, moja kisha ingine, nusu kwa nusu. Ile kazi yote ya vidole. Tulitaka kumusaidia, hakuna aliyeweza. Ulrich alishika makasi, akayarudisha.

Surfileuse ilinunuliwa na mutu wa Kadutu. Masœur walimupa huyo nusu ya commande, na Maman Rosalie nusu, kwa sharti kingo zisichambuke. Alizishona zote kwa mukono. Nilipita pale mara nyingi, nikamukuta amefunga kitambaa kwenye vidole, anaendelea. Batoto wa ile shule wanapigana kila siku, na hakuna uzi uliotoka.

Poker tunacheza bado. Jeton sasa ni karoti za Kabare, anazikata dimanche ile ile kwa makasi ya meno, na muchezo ukiisha zinaingia ndani ya supu. Nenda uweke karoti akiba, tukuone.

Mwezi uliopita tulikuwa mezani, mutu akagonga. Kijana mwembamba, boti za mupira, matope nyekundu mpaka magotini. Akasema anaitwa Philémon, anachimba dhahabu pande za Mwenga, na anatafuta mama mwenye kushonaka uzi wa rangi tatu. Amemuuliza kila mushonaji tangu mutaa wa Essence. Akafungua kitambaa cha mufukoni. Ndani, jeton ya bleu, imekuwa nyeusi kwa jasho na udongo.

"Uliitoa wapi?" Ulrich akauliza.

"Mutu wa moto alinilipa nayo. Nikamwambia, hii ni nini? Akaniambia, iko mama moja Bukavu, ukimufikia atakupa dollar tano. Nikasema, na asiponipa? Akaniambia, huyo atakupa." Akatuangalia, akaangalia karoti zetu. "Sasa sijui. Ndiyo hapa?"

Maman Rosalie alisimama, akaipokea, akaiinua kwenye dirisha. Alipitisha kidole ukingoni muzima. Koti ilikuwa kwenye musumari nyuma ya mulango, bitana imerudishwa. Akaifungua, akakata kimufuko kimoja kati ya vile ambavyo jeton zake hazijarudi, akamupa noti ya tano, safi. Philémon aliigeuza pande zote mbili.

"Maman, kule kwetu kuna zingine. Nimeziona. Wenyewe hawataki kuziachia."

"Waambie wakuye."

"Nitawaambia. Lakini hawatakuya."

"Waambie nawangojea, basi."

Akamukalisha, akamuwekea sahani. Kisha alirudi mbele ya ile koti, akafungua upande wa ndani, akahesabu kwa kidole vimufuko vilivyobaki, pole pole, midomo inatembea. Hakuna kati yetu aliyegusa karata mpaka alipomaliza.